Gobore la Marehemu ni la Nani?



Liko swali ambalo huku kwetu Igawa huulizwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi huulizwa baada ya matanga. Mzee amefariki, shamba limegawanywa, ng'ombe wamehesabiwa, plau imepata mwenyewe, na nguo zimegawiwa wajukuu. Kisha watoto wanatazamana. Juu darini, au chini ya kitanda, au ndani ya gunia la pumba, kuna gobore ambalo marehemu alilipokea kwa baba yake, na baba yake kwa babu yake. Halina cheti. Je, ni la nani?

Jibu fupi ni hili: kwa sheria ya nchi yetu si la mtoto yeyote. Leseni ya bunduki hupewa mtu, naye akifa leseni yake haipiti kwa mwingine. Mrithi hana ruhusa ya kuishika bunduki mpaka yeye mwenyewe aombe na kukubaliwa na Serikali. Na bunduki ambayo haikuwa na leseni tangu mwanzo haina wa kuirithi kabisa. Lakini jibu fupi halimridhishi mtu mwenye shamba la mahindi kando ya pori, ambaye usiku mmoja wa nguruwe humaliza kazi yake ya miezi minne. Atasema, "Babu yangu alikuwa nalo. Wadachi walilikuta, Waingereza walilikuta. Mbona leo liwe kosa?" Ana haki ya kuuliza. Basi leo natumia nafasi yangu yote kueleza jambo hili lilikotoka, maana historia ya sheria za bunduki katika nchi yetu ni ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani, na gobore la babu limo ndani yake tangu ukurasa wa kwanza.

Zamani za biashara ya pembe na watumwa, bunduki ziliingia bara kwa njia ya Unguja. Nyingi zilikuwa kuukuu. Majeshi ya Ulaya yalipopata bunduki mpya za kutia risasi kwa nyuma, zile za zamani za kushindilia baruti mdomoni ziliuzwa Afrika. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, jina lake Euan-Smith, aliiandikia serikali yake kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika ya Mashariki kila mwaka. Hesabu hiyo ni kubwa sana ukikumbuka kwamba kila moja ilibebwa begani kutoka pwani. Mirambo wa Unyamwezi alijenga utawala wake kwa bunduki hizo, na huku kwetu Merere wa Usangu na watemi wa Uhehe walizitafuta kwa bidii kama mtu atafutavyo maji wakati wa kiangazi. Mwenye bunduki aliweza kulinda watu wake, tena aliweza kuteka watu wa mwenziwe. Hayo mawili hayakutengana.

Mwaka huohuo 1888 Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha Shirika la Mapadre Weupe, alizunguka Paris, London na Brussels akihubiri juu ya mateso ya watumwa wa Afrika. Maneno yake yaliwasha moto. Mwaka uliofuata mataifa yalikutana Brussels, na tarehe 2 Julai 1890 yakatia sahihi mkataba. Hata Sultani wa Unguja alikuwa mmoja wao. Mkataba huo ulipiga marufuku biashara ya watumwa, nao ndio uliopiga marufuku ya kwanza kubwa ya bunduki katika Afrika. Walichora mistari miwili kwenye ramani, mmoja juu kwenye jangwa la Sahara na mwingine chini kuelekea kusini, na katikati ya mistari hiyo bunduki mpya na risasi zake zisiingie, isipokuwa kwa ruhusa maalum. Bunduki zote ziwekwe katika ghala la serikali, na asitoe mtu hata moja bila kibali.

Sasa sikiliza vizuri, msomaji. Mkataba huo uliacha mlango mmoja wazi. Bunduki za gumegume, zile zisizo na mikato ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, zingeweza kuuzwa kwa wenyeji mahali ambapo watawala wangeruhusu. Kwa nini? Kwa sababu hazikuwatisha. Gumegume hupiga karibu, hukawia kushindiliwa, na siku ya mvua hunyamaza. Askari mwenye bunduki mpya angeweza kupiga mara nyingi kabla mwenye gumegume hajamaliza kumimina baruti. Ndiyo maana gobore lilibaki vijijini mwetu. Babu hakuachiwa bunduki kwa kuheshimiwa. Aliachiwa ile ambayo haikuweza kumshinda mtawala.

Mimi siwezi kusema kwamba nia njema haikuwapo Brussels. Wateka watumwa walikuwapo kweli, na bunduki ndiyo iliyokuwa nguvu yao. Ila serikali zilizotia sahihi zilikuwa pia zinagawana Afrika wakati uleule, na kwao Mwafrika asiye na bunduki nzuri alikuwa rahisi kutawaliwa. Nia hizo mbili zilipanda mtumbwi mmoja, na sheria zetu zote za baadaye zilizaliwa humo.

Mwaka mmoja tu ulipita kabla Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, kuona jinsi hofu yao ilivyokuwa na sababu. Ukisafiri kwa basi kutoka Igawa kwenda Dar es Salaam, ukishapita Iringa utafika Lugalo. Hapo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa waliwavamia askari wa Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, wakamwua yeye na askari wake wengi. Wahehe walipigana zaidi kwa mikuki, lakini walipoondoka walichukua bunduki kama 300. Habari hiyo iliwaudhi Wadachi pengine kuliko vifo vyenyewe, maana sasa adui alikuwa na silaha zao wenyewe. Walirudi wakaivunja ngome ya Kalenga kwa mizinga tarehe 30 Oktoba 1894, kisha wakamwinda Mkwawa porini miaka karibu minne na kutangaza rupia 5,000 kwa kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa alijipiga risasi mwenyewe kuliko kukamatwa. Katika miaka hiyo, kusalimu amri kulikuwa na alama moja iliyojulikana na kila mtu: kuleta bunduki bomani.

Sheria ya wanyama nayo ilikuja mapema. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri kwamba asiwinde mtu bila leseni, na akatenga mapori ya hifadhi. Hapo mwindaji wa kijiji akawa na mashaka mawili: bunduki yake yataka ruhusa, na mnyama wake yataka ruhusa. Jambo hilo halijabadilika hadi leo, nalo huwaponza wengi, maana mtu hudhani akiwa na moja basi amemaliza.

Ya Majimaji mnayajua. Watu waliinuka Julai 1905 huko Umatumbi, na vita ikaenea kusini yote mpaka kwa jirani zetu Wabena. Waliaminishwa kwamba dawa ya maji ingegeuza risasi kuwa maji. Wengine hucheka imani hiyo, mimi sicheki. Watu walionyang'anywa bunduki nzuri kwa miaka 15 walikuwa wanatafuta kitu cha kuziba pengo lile. Risasi hazikugeuka maji, na njaa iliyoletwa na kuchomwa kwa mashamba na maghala iliua wengi kuliko risasi.

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika mwaka 1922, barua ya Umoja wa Mataifa wa wakati ule iliwaagiza wazi kusimamia kwa ukali biashara ya silaha na ya pombe kali. Nao walifanya hivyo kwa daftari. Mwenye gobore aliandikwa, akalipa ada, akapewa karatasi. Baruti nayo ilinunuliwa kwa kibali. Bwana Shauri alikuwa na daftari lake na Bwana Nyama alikuwa na lake. Wazee wengi walikwenda kuandikisha, na wengine hawakwenda, hasa waliokaa mbali na boma. Hapo ndipo yalipoanzia magobore yetu ya namna mbili: lenye karatasi na lisilo na karatasi. Karatasi zenyewe zimeliwa na mchwa. Bunduki, kwa kuwa ni chuma na mti mgumu, zimebaki.

Kwa jirani zetu Kenya sheria ile ilionyesha meno yake. Wakati wa vita vya Mau Mau serikali ya hali ya hatari iliweka adhabu ya kifo kwa mtu aliyekutwa na bunduki bila ruhusa. Dedan Kimathi alipokamatwa mwaka 1956, kosa alilohukumiwa kufa halikuwa la kuua. Lilikuwa la kukutwa na bastola na risasi. Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957.

Nataja hayo kwa sababu wasikilizaji wa redio huniuliza juu ya Marekani, ambako watu hununua bunduki dukani na kusema ni haki yao. Ni kweli kwamba Katiba yao iliongezwa kifungu hicho mwaka 1791, baada ya wao kupigana na Mfalme wa Uingereza kwa bunduki zao wenyewe. Kwetu mambo yalikwenda njia nyingine. Hapa bunduki haikuwa haki ya raia hata siku moja. Tangu 1890 imekuwa ni ruhusa, na mwenye kuruhusu ndiye aliyebadilika. Kwanza Mdachi, kisha Mwingereza, kisha Serikali yetu wenyewe.

Tulipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961 hatukuitupa sheria ile. Wengine waona ajabu, lakini fikiri: Serikali changa ingewezaje kuachia silaha? Tarehe 12 Januari 1964 serikali ya Unguja ilipinduliwa na watu walioanza kwa kuteka bohari za silaha za polisi, na siku nane baadaye askari wetu wenyewe wa Tanganyika Rifles wakaasi kambini Colito. Jeshi lile likavunjwa na kuundwa jipya mwaka huohuo. Kwa upande mwingine, Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulitaka wananchi wafundishwe kulinda nchi, na vijana wengi wa vijijini walishika bunduki katika mgambo. Lakini baada ya mazoezi bunduki ilirudi ghalani. Mtu alifundishwa, hakukabidhiwa.

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na baadaye vita vya Burundi, Rwanda na Kongo, viliingiza bunduki za kivita kwa njia za magendo. Tembo wakaanza kuangushwa kwa bunduki za rashasha. Ndipo ikaja Operesheni Uhai mwaka 1989, na vijiji vingi kando ya hifadhi vilipekuliwa. Mwaka 1991 Bunge lilitunga Sheria ya Silaha na Risasi, namba 2 ya mwaka ule. Serikali za ukanda huu zilikutana Nairobi Machi 2000, na tena Aprili 2004 zikatia sahihi itifaki ya kuzuia silaha ndogo ndogo, kuzipiga chapa na kuziharibu zilizozidi. Kutokana na ahadi hizo tulipata sheria mpya ya mwaka 2015, Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi, nayo kwa bahati ni namba 2 ya mwaka wake. (Sisi makarani hufurahia vitu kama hivyo, nisameheni.) Hiyo ndiyo iliyofuta ile ya 1991. Mwaka 2016 wenye bunduki halali nchi nzima waliitwa vituoni kuhakikiwa.

Nimepita upesi hapo kwa sababu nataka kukaa juu ya neno moja ambalo wanakijiji wengi hawalijui, nalo ndilo linalonifanya niandike.

Kukutwa na bunduki bila leseni si kosa dogo la faini ya kuku wawili. Mashtaka yake huunganishwa na Sheria ya Uhujumu Uchumi ya mwaka 1984, na mwaka 2016 sheria hiyo ilirekebishwa, adhabu yake ikawa kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi miaka 30. Miaka 20! Mtu aingiaye akiwa na mtoto mchanga hutoka mtoto huyo akiwa na watoto wake. Wala sheria haiulizi kama bunduki ni ya rashasha au ni gobore la kushindilia. Zimo katika hukumu za mahakama zetu kesi za wakulima waliofungwa kwa gobore moja na marisau kidogo ndani ya kibuyu.

Hapa nitasema maoni yangu, na asiyekubali aniandikie. Naona si sawa kupima gobore la kufukuzia nguruwe kwa mizani ileile ya bunduki ya jambazi anayesimamisha mabasi. Sheria iliyoanza kwa kumwachia babu gumegume kwa sababu halikuwa na hatari kwa mtawala, imeishia kumfunga mjukuu miaka 20 kwa gumegume lilelile. Wabunge wetu wangeweza kulitazama tena jambo hilo bila kulegeza chochote kwa majambazi. Na shida ya mazao ni ya kweli. Hifadhi ya Usangu iliunganishwa na Ruaha mwaka 2008, na wanyama hawasomi mipaka.

Lakini nisingekuwa mkweli kama ningeishia kulia na sheria. Magobore mengi yaitwayo ya babu si ya babu. Yametengenezwa na mafundi wa vichakani kwa mabomba ya maji, na bomba la maji halikuumbwa kuzuia baruti. Siku likipasuka hupasukia shavuni pa mwenye kulenga. Baruti iliyofichwa nyumbani mwa majani karibu na jiko ni msiba unaongoja. Watoto huona kila kitu tunachoficha. Na magobore hukodishwa: leo kwa jirani wa kufukuza ngedere, kesho kwa mtu asiyejulikana, na keshokutwa mwenye mali anaulizwa juu ya tembo aliyeuawa au mtu aliyeporwa. Sheria kali juu ya silaha imetusaidia pia. Twalala usingizi katika nchi ambayo mlevi akigombana kilabuni hushika fimbo, hashiki bastola. Nchi jirani zetu kadhaa hazina bahati hiyo.

Basi wafanye nini wale watoto wanaotazamana baada ya matanga?

Kama marehemu alikuwa na leseni, msimamizi wa mirathi aichukue leseni hiyo aende kituo cha polisi kutoa taarifa ya kifo mapema, na bunduki ikabidhiwe huko. Mtoto anayeitaka aombe kwa jina lake mwenyewe. Maombi huanzia serikali ya kijiji na kupita kamati za ulinzi na usalama, nayo hayaendi haraka. Asikae nayo nyumbani akingoja majibu.

Kama hakuwa na leseni, mlango upo lakini haukai wazi siku zote. Serikali imekuwa ikitoa msamaha kwa muda maalum: mwaka 2022, na tena 2023, miezi ya Septemba na Oktoba ilitengwa ili mtu asalimishe silaha kwa hiari bila kushtakiwa, na mbali na vituo vya polisi zilipokelewa hata katika ofisi za watendaji wa kata. Matangazo hayo hupita redioni na mbao za mjini, na huku kwetu hufika yamechelewa au hayafiki. Kwa hiyo wenyekiti wa vitongoji na wa jumuiya ndogo ndogo wafanye kazi ya kuyasikiliza na kuyasoma mbele ya watu. Nje ya muda wa msamaha usijitwike gobore begani ukashika barabara kuu kwenda Rujewa, hata kama nia yako ni njema, maana askari atakayekukuta njiani ataona bunduki, hataona nia. Tangulia bila bunduki. Zungumza na mtendaji wa kata au mwanasheria wa msaada wa kisheria, akueleze hali ya sheria siku hiyo na namna ya kulifikisha.

Wala asijaribu mtu kulifyatua ili "kulimaliza" kabla ya kulitoa. Gobore lililokaa miaka na baruti ndani ni hatari kuliko jipya. Liacheni lilivyo, watoto wasikaribie, mwambieni anayepokea kwamba pengine limeshindiliwa. Na mkilikabidhi, ombeni maandishi yenye tarehe, jina la aliyepokea na mhuri. Karatasi hiyo iwekwe pamoja na vyeti vya ubatizo na hati ya shamba, mahali ambapo mchwa hawafiki.